Nionyesheni Faili la Majibu

Nina ugomvi na aina mbili za mafundi wa kompyuta, na kwa kuwa wote ni watu ninaowapenda, na baadhi yao nimewafundisha mwenyewe, nitausema ugomvi huo waziwazi. Aina ya kwanza ni wale wanaoketi mbele ya kila mashine, moja baada ya nyingine, wakijibu maswali yale yale kwa mkono, kisha wanatuambia kwamba huko ndiko kufanya kazi. Aina ya pili ni wale walioifanya kazi hiyo mara moja tu, wakanakili matokeo yake kwenye flashi, na sasa wanatembea na flashi hiyo mfukoni kama mganga na mkoba wake. Hawa wa pili hujiona wamewapita wale wa kwanza. Mimi nasema ni ndugu wa tumbo moja.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, maana si kila msomaji amewahi kulishuhudia. Kompyuta isiyo na kitu ndani haifanyi lolote mpaka iwekewe mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayozitawala nyingine zote, kama vile Windows au Linux. Kazi hiyo huitwa kusakinisha. Vijana wa mitaani husema “kupiga Windows”. Anayeifanya hutia diski au flashi, kisha mashine humwuliza maswali. Utatumia lugha gani? Kibodi yako ni ya mpangilio gani? Unafuata saa za mahali gani? Mashine hii iitwe nani? Nywila iwe ipi? Diski niigawe vipi, na je, una hakika kwamba niifute? Kati ya swali na swali kuna kungoja. Ukienda kunywa chai, ukirudi unakuta mashine nayo inakungoja wewe, imesimama na swali lake.

Siku hizi tena kuna kompyuta zisizo na sanduku. Mashine moja kubwa, seva, huweza kubeba ndani yake kompyuta nyingine kumi au ishirini, kila moja ikiwa na diski yake, kumbukumbu yake na anwani yake ya mtandao, kana kwamba iko peke yake duniani. Hizi tuziite kompyuta pepe. Diski ya kompyuta pepe si chuma. Ni faili tu lililomo ndani ya diski ya seva. Faili hilo likishajazwa mfumo endeshi, mafundi huliita imeji, na imeji hunakiliwa kwa urahisi kama barua inavyotolewa kopi. Hapo ndipo uvivu ulipopata mahali pa kujificha.

Lakini ugomvi wangu ulianza kabla sijasikia habari za kompyuta pepe.

Mwaka 2009, nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, chuo cha ualimu nilichokuwa nikikiongoza kilikuwa na chumba chenye kompyuta 24 za Windows XP, zote zimekwisha tumika huko zilikotoka. Tulikuwa na fundi mmoja, kijana mwenye adabu na bidii ambaye sijapata kumwona akikataa kazi. Alizisakinisha zote kwa mkono katika siku nne, usiku akilala mle mle chumbani juu ya godoro. Nilimsifu mbele ya wakufunzi wote. Nilisema, nakumbuka vizuri, kwamba chumba kile chote kilikuwa kichwani mwake. Nilidhani nimetoa sifa. Kumbe nilikuwa nimesoma hati ya mashtaka.

Kijana yule akapata kazi mjini, akaondoka kwa heshima zote. Baada ya miezi miwili virusi vilivyoletwa na flashi za wanachuo vilikuwa vimezimaliza mashine 19. Hakuna aliyejua nywila ya msimamizi. Hakuna aliyejua ni programu ipi iliyotakiwa ili kadi za mtandao zifanye kazi, wala alikuwa ameitoa wapi. Tulimpigia simu, alijibu kwa upole, akakumbuka mawili, akasahau matatu. Tukamwita fundi mwingine, naye akasema maneno ambayo kila fundi husema akikuta kazi ya mwenziwe, kwamba aliyefanya hivi alikuwa hajui kitu. Chumba kikafungwa muhula mzima. Wanachuo wa mwaka wa pili walikwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, wakarudi, wakahitimu, bila kugusa kibodi tena. Wako madarasani leo. Kila nisikiapo kwamba walimu wetu wanaogopa kompyuta huziona sura zao, na namjua mtu mmoja aliyechangia woga ule. Ni mimi.

Kinachoniuma zaidi nilikuja kukijua nikiwa nimekwisha staafu. Windows XP ile ile tuliyokuwa nayo ilikuwa tayari kupokea majibu yote kwa maandishi. Ungeandika faili dogo la maneno ya kawaida, ukalipa jina la winnt.sif, ukaliweka kwenye diski laini, ukatia pamoja na CD ya Windows, na mashine ingesoma majibu badala ya kuuliza. Watengenezaji waliuacha mlango huo wazi kwa makusudi. Wala hawakuwa peke yao. Kampuni ya Sun ilikuwa na mpango wake ulioitwa JumpStart tangu miaka ya 1990. Red Hat walikuwa na Kickstart. Na Debian, katika toleo lao la mwaka 2005, walileta kisakinishi kipya kinachokubali kupewa majibu mapema. Kwa maneno mengine, watu wenye mashine elfu walikwisha kataa zamani kuketi mbele ya kila moja. Waliobaki wameketi ni sisi wenye mashine 24, ambao ndio hasa tusio na fundi wa akiba.

Sasa nije kwa wale wa flashi. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani ni mkufunzi wa TEHAMA katika chuo kingine. Mwaka 2023 chuo chake kilipata seva kuukuu, naye, kwa ubunifu unaostahili pongezi, akaamua kwamba kila kikundi cha wanachuo kipewe kompyuta pepe yake ya kujifunzia. Akasakinisha moja kwa mkono, ya Ubuntu, akaipamba kwa kila kilichohitajika, kisha akatoa nakala 12 za imeji yake. Akanipigia simu.

“Shikamoo Mwalimu. Kazi ya wiki nzima nimeimaliza kabla ya chakula cha mchana.”

“Marahaba, mwanangu. Andalio liko wapi?”

Akacheka. Alidhani namtania.

Haikupita wiki nyingi akapiga tena, safari hii bila kicheko. Ndugu msomaji, Ubuntu inaposakinishwa hujitungia namba ndefu ya utambulisho, ambayo huwekwa katika faili liitwalo machine-id, na pia hujitungia funguo za siri ambazo kwazo huwathibitishia wanaoiingia kwa mbali kwamba ni yenyewe. Ukinakili imeji bila kuviondoa vitu hivyo, unanakili utambulisho. Ubuntu ya seva huitumia namba ile inapoomba anwani ya mtandao. Basi mashine zile 12 zilipowashwa pamoja zilikwenda kuomba anwani zote zikijitambulisha kwa namba moja, na mgawaji wa anwani, aliyeona mwombaji mmoja tu, akatoa anwani moja. Kikundi cha tatu kikajikuta ndani ya mashine ya kikundi cha saba. Kwa kawaida kompyuta hupiga kelele unapounganishwa na mashine isiyo ile uliyoizoea, kwa sababu ufunguo umebadilika. Hapa ufunguo ulikuwa ule ule, kwa hiyo hakuna kilichopiga kelele. Nywila nayo ilikuwa ile ile. Wanachuo wakaona mafaili wasiyoyajua, wakadhani ni mifano iliyoachwa na mkufunzi, wakayafuta ili wapate nafasi. Ilikuwa kazi ya wenzao ya majuma matatu, na alama za tathmini endelevu zilikuwa zinaingojea.

Wapo watakaosema kwamba kosa lilikuwa ni kutosafisha tu. Kwamba angefuta namba ile na funguo zile kabla ya kunakili, mambo yangekuwa shwari. Wana haki nusu. Microsoft wana chombo chao cha kufanyia usafi huo, Sysprep, na kwa Linux vipo pia. Walakini, ili usafishe ni lazima ujue ulichochafua, na mtu aliyefanya kazi kwa mkono saa tatu mfululizo hana orodha ya alivyovigusa. Mwulizeni. Atakutajieni vitano, navyo viko kumi na viwili.

Nilipanda basi nikaenda kwake, nikakaa siku tano. Mimi si fundi, na macho yangu hayapendi kioo cha kompyuta baada ya magharibi. Ila nimekagua maandalio ya masomo kwa zaidi ya miaka 30, na najua kuuliza swali moja: mtu mwingine akichukua karatasi hii, ataweza kuingia darasani?

Jambo la kwanza tulilogundua lilimfanya kijana wangu anyamaze kwa muda. Kisakinishi cha seva cha Ubuntu, tangu toleo la Aprili 2020, hukubali majibu yaliyoandikwa mapema. Na zaidi ya hapo, ukisakinisha kwa mkono, chenyewe huandika majibu yako yote katika faili na kuliacha ndani ya mashine, kwenye folda ya /var/log/installer, kwa jina la autoinstall-user-data. Red Hat nao hufanya hivyo hivyo, faili lao huitwa anaconda-ks.cfg. Maana yake ni kwamba andalio nililokuwa nikilidai lilikuwamo ndani ya ile mashine yake ya kwanza tangu siku ya kwanza, limeandikwa na mashine yenyewe, na hakuna aliyelifungua. Tukalifungua. Likawa na lugha, kibodi, jina la mashine, mgawanyo wa diski. Halikuwa na yale mapambo aliyoyaongeza baadaye, maana kisakinishi hakikuwapo alipokuwa akiyafanya. Hayo ilibidi ayakumbuke, na siku nzima ya pili ilikwisha katika kukumbuka.

Faili tulilolimaliza ni la mistari 47. Mtu yeyote aliyesoma sekondari anaweza kulisoma na kulielewa theluthi mbili. Kuna mstari unaosema timezone: Africa/Dar_es_Salaam, na hauhitaji mkalimani. Kuna jina la mashine na jina la mtumiaji. Kuna mahali pa kusema diski igawanywe vipi, mahali pa kuorodhesha programu za kuongeza, na mwishoni mahali pa kuandika amri zitakazotekelezwa baada ya kila kitu kukamilika. Humo ndimo yalimoingia mapambo. Faili linawekwa kwenye diski ndogo pepe yenye lebo ya cidata, kisakinishi kinaitafuta lebo hiyo chenyewe, kinasoma, kinaanza kazi.

Nikisema hivyo inaonekana rahisi, na siwezi kumdanganya msomaji. Jaribio la kwanza lilishindikana kwa sababu mstari wa kwanza wa faili sharti uwe #cloud-config, nasi tuliuona kama pambo tukaufuta. Kisakinishi kikalipuuza faili zima na kutuuliza lugha kama kawaida yake. La pili lilishindikana kwa sababu faili hilo huhesabu nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa kila mstari, na mahali pamoja kijana wangu alibonyeza kitufe cha tabo badala ya nafasi. Nilifurahi kidogo hapo, kwa kuwa miaka mingi nimesemwa kwa ukali wangu kuhusu pambizo za daftari. La tatu tuliliacha usiku, tukaenda kulala. Asubuhi tukakuta mashine imesimama tangu saa nne, inauliza kama kweli tuna hakika iendelee, maana diski itafutwa.

Swali hilo la tatu ndilo lililonifanya niiheshimu kazi ya wale waliokitengeneza kisakinishi. Hapo ndipo penye hatari ya kweli katika jambo hili lote, nami sitaificha. Flashi yenye majibu yote, pamoja na “ndiyo, futa”, ikitiwa katika kompyuta ya mhasibu kwa bahati mbaya, itaifuta bila kumwuliza mtu. Kwa hiyo kisakinishi cha Ubuntu, hata kikiwa na majibu yote, bado husimama kabla ya kugusa diski, isipokuwa yule anayekiwasha ameandika pia neno autoinstall katika amri ya kuwashia. Kinataka kibali cha pili, kutoka mahali pengine. Na kwa kompyuta pepe hatari yenyewe ni ndogo zaidi, kwa kuwa diski ni faili. Ukikosea unalifuta faili, unaanza upya, na chuma hakijui kwamba kuna jambo limetokea. Tulikosea mara tatu, na hasara yetu ilikuwa usingizi.

La nne likaenda. Katika usiku ule mashine 12 zilijengwa moja baada ya nyingine, kila moja kwa jina lake, namba yake na funguo zake, kwa sababu kila moja ilizaliwa upya badala ya kutolewa kopi. Saa kumi na moja asubuhi kijana wangu alinigongea mlango akiwa bado na kanda mbili za bafuni.

Wenzake hawakufurahi kama yeye. Mmoja, mtu mzima mwenye uzoefu, alinikabili katika chumba cha wakufunzi akaniambia kwamba tunaua elimu. Mwanachuo, alisema, hujifunza kwa kujibu maswali ya mashine kwa mkono wake. Tukimwandikia majibu atakuwa mbonyezaji wa kitufe. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na husemwa kwa sauti ya mtu anayeitetea Elimu ya Kujitegemea. Nasema ni kinyume chake. Anayejibu kwa mkono hujibu swali moja moja, kila linapokuja, na aghalabu hubonyeza “endelea” bila kusoma. Nimewaona kwa macho yangu. Anayeandika faili la majibu ni lazima ayajue maswali yote kabla hayajaulizwa. Ni lazima ajue kwa nini diski igawanywe hivi na si vile, maana hakuna kioo cha kumdokeza. Kama kuna mtu anayetaka kuniambia kwamba mwalimu anayeingia darasani mikono mitupu amejifunza zaidi kuliko yule aliyekesha akiandaa somo, basi tusahihishane hapo kwanza kabla ya kufika kwenye kompyuta. Na asakinishe kwa mkono mara moja, au mara mbili, sikatai, kama vile kila mwanachuo wangu alivyofundisha somo moja bila karatasi ili aone giza lilivyo. Mara ya tatu nataka karatasi.

Tena sisi Watanzania tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi, walimu hawakuwapo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Nilikuwa mwalimu kijana miaka ile. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini, vijijini, kwa masomo ya maandishi, vipindi vya redio na wakufunzi waliowazungukia. Ubora wa mpango ule umebishaniwa sana, nami nina yangu ya kusema, ila si hapa. Ninachosema ni kwamba karatasi ilifika mahali ambapo mkufunzi hakuweza kufika kila wiki, na darasa likaendelea. Wakati ule hakuna aliyependekeza kwamba mkufunzi mmoja hodari apelekwe kila kijiji akafundishe kila darasa kwa mdomo wake.

Hoja nyingine ilikuwa ya bando, nayo ni hoja ya kiume. Kusakinisha upya huchota programu kutoka mtandaoni, na mashine 12 zikichota kila moja peke yake bajeti ya mwezi inakwisha kwa usiku mmoja. Imeji hainakiliwi kwa bando. Hii ni kweli, na usiku ule wa kwanza tuliilipia. Dawa yake ni kuweka katika seva programu ndogo inayohifadhi kila kifurushi kinachopita, kama apt-cacher-ng. Mashine ya kwanza inachota, nyingine 11 zinachukua kwa jirani. Katika faili la majibu ni mstari mmoja tu, unaoanza na neno proxy. Ama kuhusu umeme kukatika katikati ya kazi, sielewi kwa nini hoja hiyo huletwa upande wao. Umeme ukikatika saa saba za usiku na kurudi saa tisa, nani yuko tayari kuanza upya bila kinyongo, fundi au faili?

Kuhusu nywila kuandikwa katika faili ambalo kila mtu anaweza kulisoma, kisakinishi hiki hutaka nywila iliyokwisha fumbwa, si ile yenyewe, na bado nashauri faili lisitembee ovyo, na nywila ibadilishwe mashine ikishakabidhiwa.

Nisieleweke vibaya. Sipingi imeji; napinga imeji isiyo na andalio. Mwaka 2013 Mitchell Hashimoto, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya HashiCorp, alitoa programu iitwayo Packer ambayo huwasha kompyuta pepe, hubonyeza vitufe vyake kama mkono usioonekana, huipa faili la majibu, hungoja imalize, huongeza programu zilizoagizwa, kisha huizima na kutoa imeji safi. Imeji ya namna hiyo nakilini mpendavyo, maadamu utambulisho haumo ndani yake na mnaweza kuitengeneza tena kesho.

Na imeji za kuokota ndizo zinaniogofya kuliko zote. Mwaka 2012 watafiti walichapisha uchunguzi wao wa imeji zaidi ya 5,000 ambazo watu walikuwa wameziweka hadharani katika huduma ya kukodisha kompyuta ya Amazon, ili mwingine yeyote azitumie. Walikuta ndani yake nywila na funguo za waliozitengeneza, walizozisahau humo. Na walikuta mafaili ambayo wenyewe walidhani wameyafuta, yakaweza kufufuliwa. Hao ni watu waliokuwa na nia njema. Aliyekuwa na nia mbaya angefanya nini? Kwetu flashi yenye “Windows nzuri, imeshapigwa kila kitu” hupita mkono kwa mkono, kutoka shule hadi zahanati hadi ofisi ya kata, na hakuna anayeweza kusema nani aliitengeneza, lini, wala aliweka nini. Faili la majibu la mistari 47 naweza kulisoma nikiwa nimevaa miwani, mstari kwa mstari, nikauliza huu wa kazi gani. Imeji ya ukubwa wa gigabaiti nane nani ataisoma?

Niseme sasa lile ambalo halisemwi katika vikao. Fundi hataki kuandika kwa sababu anahofia mkate wake. Akiandika, atahitajika kwa nini? Hofu hiyo naielewa na siidharau. Mshahara wake ni mdogo na mkataba wake ni wa mwaka mwaka. Lakini tumtazame yule kijana wangu wa mwaka 2009. Hakuficha kitu kwa ubaya. Hakuna aliyemwagiza aandike, wala hatukumpa saa moja ya kazi kwa ajili ya kuandika, tulimpa godoro. Mkuu wa taasisi anayemlipa fundi kwa kuketi na kujibu maswali, kisha analalamika fundi akiondoka, amevuna alichopanda. Ningekuwa kazini leo, ningelipia faili kwanza, mashine baadaye, na ningelipa vizuri. Na katika kukabidhiana ofisi, pamoja na daftari la mali na funguo za stoo, ningetaka faili la majibu lililochapishwa, limetiwa sahihi na tarehe, na mashine moja ijengwe nalo mbele yangu na mtu ambaye hakuliandika.

Hivyo ndivyo kijana wangu anavyotahini sasa. Kikundi kinaandika faili lake, kinalikabidhi kwa kikundi kingine, kinatoka nje ya chumba na hakiruhusiwi kusema neno. Mashine ikisimama na swali lolote lile, alama zinapungua. Muhula uliopita vikundi vitano kati ya tisa mashine zao zilisimama. Wanachuo walilalamika kwamba mtihani ni mgumu, na malalamiko yakafika hadi kwa mkuu wa chuo, ambaye kwa bahati nzuri naye alipata kuwa mwanafunzi wangu.

Yule mkufunzi mtu mzima bado anatembea na flashi yake. Mara ya mwisho tulipoonana nilimwomba anionyeshe faili la majibu la imeji iliyomo humo, akasema liko nyumbani. Nimemwomba mara tatu.